Shikamoo Moja kwa Fundi Viatu

(Risala ya wanachama wa Kituo cha Benchi la Salamu, kama ilivyosomwa na mama mshonaji mbele ya mkuu wa idara ya wahamiaji na wakimbizi)

Mgeni rasmi, mkuu wa idara inayoamua nani kati yetu abaki na nani afungashe. Mwenyekiti wetu, ambaye ni kinyozi wa hapo kona. Wakili wetu mpendwa. Majirani mliokuja kwa ajili yetu, na ninyi mliokuja kwa ajili ya chai: sisi wanachama wa Kituo cha Benchi la Salamu tunawakaribisha kwa mikono miwili. Tulikuwa tumeazima na zulia la kukanyagia mgeni rasmi, lakini mwenyewe kaja kulichukua asubuhi, kasema naye ana ugeni.

Kabla hatujafika mbali, tunatoa taarifa ndogo. Wakili wetu ameipitia risala hii kwa kalamu nyekundu. Ametukumbusha kwamba si adabu wala si utaratibu kumbebesha mgeni rasmi shauri la mtu mmoja katikati ya sherehe. Tumemwelewa, na tumeahidi. Kwa hiyo shauri la fundi viatu halimo humu ndani. Mkisikia fundi viatu anatajwa, jueni anatajwa kama jirani tu.

HISTORIA FUPI YA KITUO

Mgeni rasmi, chumba hiki kilikuwa duka la magodoro. Ndiyo maana juu ya mlango bado pameandikwa LALA SALAMA, nasi hatukufuta, kwa sababu kila aliyeingia hapa siku ya kwanza alikuwa na shida hiyo hiyo.

Aliyekianzisha ni wakili wetu, binti mwenye moyo mkubwa na mdomo wa kasi. Siku zile mtu alikuwa hajavuka kizingiti sawasawa, binti keshamuuliza amevuka mpaka wapi, nani kamleta na karatasi zake ziko wapi. Watu walikuwa wakimjibu kwamba hawajui, wanaaga, wanaondoka zao. Binti akabaki anajiuliza mbona watu wote waliokimbia vita wamepoteza kumbukumbu.

Ndipo akaja fundi viatu, huyu jirani, na sanduku lake la vifaa begani na mjukuu wake wa kike mkononi. Wakili akaanza mtindo wake. Mzee akamtazama, akaliweka sanduku chini taratibu, akamuuliza ameamkaje. Binti akasema salama, haya, ulivuka wapi? Mzee akamuuliza kama mama yake hajambo. Hapo wakili akaweka kalamu chini. Kumbe mama yake alikuwa anaumwa miguu wiki nzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amemuulizia. Wakaizungumza miguu ile mpaka chai ikapoa. Habari ya miguu ilipokwisha, mzee akajiweka sawa kwenye kiti akaeleza habari zake zote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuulizwa hata swali moja, na wakili akaandika huku anajifuta macho kwa mkono wa gauni.

Siku ya pili yake mzee aliokota mbao za rafu za magodoro, akatutengenezea benchi. Utaratibu wetu tangu hapo ni mmoja: anayekaa kwenye benchi haulizwi jambo lolote mpaka asalimiwe, naye asalimie. Jina la kituo limetoka hapo.

MAFANIKIO

Mafanikio tunayo, tena si haba. Tuna darasa la lugha kila jioni. Mwalimu ni dereva mstaafu, kwa hiyo wanafunzi wetu wote wanajua kusema kata kushoto, punguza mwendo na nishushe hapo mbele, na mengine watayapata polepole. Yule muuguzi aliyekuwa anafua nguo za watu sasa amepata kibali, yuko hospitali, na akituona hatuhurumii na sindano zake. Msomaji wa risala hii ameunganishwa na mumewe baada ya miaka mingi ya kutengana, na kabla ya mwezi kuisha walikuwa wanagombania dirisha, huyu anataka lifungwe, huyu anataka liwe wazi. Hayo nayo tunayahesabu kuwa mafanikio.

Halafu tuna mazoezi ya usaili. Mwenyekiti wetu kinyozi huvaa koti, akakaa nyuma ya meza, akakunja uso, na mara moja anakuwa ofisa wako, mgeni rasmi. Anatisha kwelikweli. Kuna mwenzetu aliulizwa jina lake tu akaomba maji. Lakini fundi viatu, bado tunamtaja kama jirani, alifanya vizuri kuliko sisi sote. Aliulizwa kwa nini aliondoka kwao, akaeleza bila kubabaika, tukampigia makofi, tukamwambia mzee, wewe umeshapita.

Kosa letu hatukuliona. Kinyozi, hata akunje uso namna gani, hawezi kumkabili mtu wa umri wa baba yake bila kumpa shikamoo. Kila zoezi alianza na shikamoo mzee, umeshindaje, mjukuu anaendeleaje na shule, ndipo anavaa uofisa. Tulikuwa tunamwandaa mzee kwa ofisa ambaye hayupo.

CHANGAMOTO

Paa linavuja upande wa chooni, na mvua ikinyesha mtu anakwenda huko na mwavuli. Mashine ya kuchapisha hufanya kazi siku ikijisikia. Wakili alitaka tuishie hapo.

Mgeni rasmi, ofisi yako ina mwongozo, na sahihi iliyo chini yake ni yako. Unasema ofisa asizoeane na mwombaji; asisalimiane naye wala kuulizana habari, ili wote wahudumiwe sawa bila upendeleo. Nia yake ni njema, hilo hatulikatai. Sasa tunaomba kukusimulia kisa cha mzee mmoja, ambaye kazi yake hatutaitaja. Aliingia kwenye chumba cha usaili akiwa amevaa viatu alivyovishona na kuving'arisha mwenyewe.

Ofisa alikuwa kijana, umri wa mtoto wake wa mwisho. Hakuinua uso. Akamuuliza kwa nini aliondoka kwao. Mzee akasubiri shikamoo yake, haikuja. Akafikiri kijana wa watu kapitiwa, ana kazi nyingi, na ili asimwaibishe akaamua kuanza yeye.

"Mwanangu, umeamkaje?"

Ofisa akamwambia ajibu swali. Mzee akasema atajibu, kwani amekuja kwa ajili hiyo, ila kwanza:

"Mama hajambo?"

"Unamjuaje mama yangu?"

"Simjui, mwanangu. Ndiyo maana nauliza."

Ofisa akaita askari wa mlangoni. Mzee akamwamkia na askari, akamuulizia watoto, na askari, masikini, akaanza kueleza mmoja baada ya mwingine mpaka akakaripiwa. Muda ukaisha. Uamuzi ukatoka: mwombaji amekwepa maswali, na ameonyesha shauku isiyo ya kawaida kuhusu familia ya ofisa. Ombi lake limekataliwa. Wakili wetu alipoandika kuomba asikilizwe tena, akajibiwa kwamba nafasi alipewa, akaichezea. Mwisho wa mwezi huu mzee anatakiwa awe ameondoka.

Mjukuu wake amepewa kibali cha kubaki, kwa sababu yeye ni mtoto na hakuulizwa kitu. Mgeni rasmi, tusaidie kulielewa jambo hili. Ndugu mwingine hawana. Katika nyumba ile anayeruhusiwa kubaki hafikii jiko, na anayepika ndiye anayeambiwa aende.

Sisi tulimjia juu mzee. Tulimlaumu, na kinyozi ndiye aliyelaumu kuliko wote, kwamba angejibu tu swali lile moja yangekwisha. Mzee alikuwa anapigilia kisigino cha kiatu cha mtu, akatusikiliza hadi tukamaliza.

"Swali lile ni la mke wangu, jinsi alivyokufa," akasema. "Nitamtwishaje mtoto wa watu habari kama ile, na sijui kama yeye mwenyewe kwao wameamka salama?"

Kinyozi akasimama, akasema anakwenda kufunga duka. Duka lilikuwa limefungwa tangu adhuhuri. Sisi tuliobaki tulilia, na hatuoni aibu kulisema hilo mbele yako.

MAOMBI YETU

Tunaomba mabati ya upande wa chooni. Tunaomba mashine ya kuchapisha isiyo na hasira. Tunaomba mwongozo wako uongezwe kasentensi kadogo tu, ofisa aruhusiwe kumsalimu mtu kabla ya kumuuliza jambo zito, na salamu hizo zisikatwe kwenye muda wa usaili.

Ombi linalofuata limepigwa mstari mwekundu. Lakini mstari wenyewe ni mwembamba, na maandishi ya chini yake yanasomeka vizuri: mzee asikilizwe upya. Tumelisoma kwa bahati mbaya, na tunaomba radhi. Wakili amejishika kichwa, mnamwona, ila hajainuka kutuzuia.

La mwisho halikupita kwake kabisa, kwa sababu tumeliandika huku wewe unashuka kwenye gari. Ulipoingia, mgeni rasmi, ulitupungia sote mkono kwa pamoja, nasi tukafurahi. Hukumwona fundi viatu. Yuko mstari wa mbele, kiti cha pembeni kabisa, huyo mwenye sanduku miguuni na binti mdogo anayechezea kufuli la sanduku. Wakili amemkataza asikusemeshe, asije akaonekana anakushawishi, na mzee amekubali kwa shingo upande. Hatasema neno mpaka asemeshwe.

Hatukuombi umpe kibali leo, wala umsikilize habari zake kwenye kelele hizi. Utakapopita kwenda kwenye chai, simama mbele yake kidogo, umpe shikamoo. Umri wako hatukuuliza, lakini kwa kukutazama tu, yule ni baba yako. Na tunakutahadharisha mapema: atakuuliza kama mama hajambo. Tafadhali usimjibu harakaharaka, maana yeye huwa anasikiliza jibu.

Tunakuombea, mgeni rasmi, mama yako awe ameamka mzima, na kama ametangulia, alale pema. Watoto wako wasikue mbali nawe. Usifike siku ya kufungasha usiku, na kama ikifika, huko uendako umkute mtu wa kukuuliza umeamkaje kabla hajakuuliza umetoka wapi.

Ni sisi, wanachama wa Kituo cha Benchi la Salamu, chini ya kibao cha LALA SALAMA. Asante kwa kutusikiliza. Njia ya kwenda kwenye chai ni hiyo ya mbele, pembeni ya yule mzee, na marahaba yake ameiweka tayari tangu asubuhi.