Jilala Masele na Kanzu ya Ubatizo

Kila asubuhi, kabla hajanywa uji, marehemu Jilala Masele alikuwa anatoka nje ya geti la dada yake hapa Bariadi, anasimama kando ya njia na kuinua mkono wa kulia. Kila aliyepita alisalimiwa: mwanafunzi, mwenye baiskeli, mama wa maandazi, mtu wa ofisini na viatu vyake vinavyong'aa. Asipojibiwa hakushusha mkono. Aliuacha juu mpaka huyo mtu apotee kwenye kona. Wengi waliopo hapa leo wamepita mbele ya mkono ule. Wapo waliojibu. Wapo waliosema, "Bubu huyo, hasikii," kana kwamba mkono nao unajibiwa kwa masikio.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1981 huko Nkoma, ambako sasa ni Wilaya ya Itilima, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Masele na mama Nyanjige. Alizaliwa anasikia. Mama anasema alikuwa akisikia kengele za ng'ombe wanaporudi, anakimbia mwenyewe kufungua zizi. Alipokuwa na miaka minne akashikwa na homa ya uti wa mgongo, na hospitali ilikuwa mbali. Yeye alipona, masikio hayakupona. Ndugu wakasema ni mizimu, wengine wakasema mama kuna kitu amefanya. Akapelekwa kwa waganga, akachanjwa, akafukizwa, mpaka mama Nyanjige akasema, "Basi jamani, mwanangu siyo samaki wa kukaushwa kwa moshi."

Mwaka 1989 aliandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akiuliza swali, Jilala alinyoosha mkono, kwa sababu aliona wenzake wananyoosha. Siku moja akachaguliwa. Akaenda mbele, akatabasamu, akarudi kukaa, na darasa zima likampigia makofi. Siku hiyo alifika nyumbani anaruka. Haukupita muda mwalimu akamwambia baba yake, "Mzee, huyu mpe ng'ombe achunge, unamchosha bure." Elimu yake iliishia hapo.

Alichunga, alilima kwa maksai, alichuma pamba. Mzee Masele alipofariki mwaka 2009, Jilala alihamia Bariadi kwa dada yake Esteria, anayeuza dagaa wa Lamadi sokoni, akawa anambebea magunia. Kanisa letu lilipojengwa, maji ya kufyatulia matofali yalitoka begani kwake. Hayo yanatajwa kwa sababu ni kweli, siyo kwa sababu yalimfanya mtu. Hata angekaa tu kivulini maisha yake yote, bado angekuwa mtu.

Hakuoa. Siyo kwamba hakutaka. Kule Nkoma alimpenda jirani yao Ng'washi, na Ng'washi hakumkataa; walikuwa wakitaniana kwa mikono kisimani mpaka ndoo zinafurika. Kaka yake Josia aliozwa kwa ng'ombe ambao Jilala ndiye aliyewachunga. Ilipofika zamu yake, mzee akasema, "Ng'ombe wangu nimwozeshee bubu?" Ng'washi akaolewa Kiloleli. Mzee naye alishazikwa, hakuna anayemdai neno. Ila ukweli uandikwe.

Jambo alilolitaka kuliko yote ni kubatizwa. Tangu mwaka 2014 Esteria alimpeleka darasa la ubatizo kila mwaka. Kila mwaka alikaa benchi la mbele mpaka mwisho, na kila mwaka aliachwa, kwa kuwa desturi inataka mtu atoe ushuhuda kwa kinywa kabla hajaingia majini. Mwaka mmoja alijipanga mwenyewe kwenye mstari kule lamboni, bwawa tunakobatizia, akaingia majini na viatu. Akatolewa kama ndama aliyeingia kwenye choroko. Watu wakacheka sana. Na yeye akacheka, akidhani wanafurahi pamoja naye.

Mwaka huu Mchungaji Onesmo, aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, alimwita mbele ya wazee wa kanisa. Akamwambia Esteria, "Muulize, Yesu ni nani kwake?"

Esteria akauliza kwa mikono. Jilala akagusa katikati ya viganja vyake, palipopita misumari. Kisha akamnyooshea kidole mchungaji, akamnyooshea mzee Limbu, kiongozi wa wazee, akamnyooshea dada yake, akaenda mpaka mlangoni akamnyooshea mlinzi. Mwisho akajigusa kifua.

"Kwa hiyo amesemaje?" mzee Limbu akauliza.

"Amesema alikufa kwa ajili yetu wote, baba. Na wewe umo."

"Hizo ni ishara tu. Neno la Mungu linaingia masikioni. Kwa huyu litapitia wapi?"

"Baba, aliyemuumba kwa mfano wake alikuwa hajui kwamba masikio haya yatakufa?"

Mchungaji akasema inatosha, atabatizwa pamoja na wenzake Jumapili ya tarehe 17 Agosti. Wiki ile Jilala alikuwa anaoga asubuhi na jioni mpaka Esteria akamwonyesha kwa mikono kwamba sabuni imekwisha, na siku yenyewe bado.

Marehemu alifariki jioni ya Jumapili hiyohiyo, tarehe 17 Agosti 2025, hospitalini, baada ya kugongwa na lori la pamba kwenye barabara ya kwenda Lamadi. Dereva alipiga honi. Familia haina neno naye. Ameacha mama yake Nyanjige, ambaye bado anauliza kama mtoto alikula siku ile. Kaka yake Josia. Dada yake Esteria. Na wapwa ambao walijifunza kuongea kwa mikono kabla ya kujua kusoma.

Tangu juzi wapo wanaoulizana msibani kama kwaya inaruhusiwa kumwimbia asiyebatizwa. Familia nayo imeshauriwa iandike "ajali" na iishie hapo. Ingeishia hapo, kama ajali ingekuwa imeanzia barabarani.

Jumapili ile Jilala alikuwa wa kwanza kwenye mstari, ukingoni mwa lambo, amevaa kanzu nyeupe. Wageni kutoka makao makuu ya kanisa walikuwa wamekuja na kamera. Mzee Limbu akamjia Esteria, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu leo hapana. Wageni wanarekodi, atatoa yale masauti yake mbele za watu. Mwakani."

"Baba, ameshavaa."

"Ndiyo atavua. Kanzu zenyewe hazitoshi."

Mzee mwingine akaanza kumvua. Jilala akainua mikono juu ili kumsaidia, akidhani wanamweka sawa. Kanzu ikatoka, akavalishwa kijana aliyechelewa. Mchungaji alikuwa tayari ndani ya maji. Aligeuka, akaona, akageukia tena maji. Jilala akabaki na fulana. Akamtazama yule kijana, akamtazama dada yake, akainua nyusi kuuliza. Miaka yote waliyoongea kwa mikono, Esteria na ndugu yake walikuwa hawajatengeneza ishara ya jambo kama lile.

Basi Jilala akatoka kwenye mstari. Esteria akataka kumfuata, mzee Limbu akamshika mkono. "Mwache, mayu, mwache mama. Njaa itamrudisha."

Kwaya ikaanza kuimba, mtu wa kwanza akazamishwa, watu wakapiga vigelegele. Jilala akapanda tuta la lambo peku, akapita katikati ya magari ya wageni, akashika njia ya ng'ombe inayotokea barabarani. Hakugeuka, na hakurudi.

Aliyemuumba ampokee leo. Asimwambie mwakani.