Doa Jeusi Kichwani mwa Generoza

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu! Ninyi wa hapa kambini na ninyi mliotoka Mwandiga kuja kusali nasi, Mungu awape amani.

Mnanijua, mimi muuza dagaa, mume wa Generoza. Mnajua pia kwamba situlii mpaka nielewe kitu kinavyofanya kazi. Leo nataka niwaeleze jinsi Mungu alivyonihurumia kwa kuninyima nilichoomba.

Mke wangu alipoanza kuanguka na kutetemeka, tulisema ni malaria imepanda kichwani. Kumbe ni saratani ya ubongo, tena ile kali inayokua upesi. Tulipata kibali cha kutoka kambini, tukapelekwa Dar es Salaam, akapasuliwa, akapigwa mionzi. Akarudi kwenye kwaya. Halafu kuanguka kukaanza upya, tukarudishwa Dar, na picha ikaonyesha kitu pale pale palipopasuliwa.

Ndugu zangu, niliogopa sana. Daktari, mama mmoja mpole, akaniambia, "Baba, hii inaweza kuwa saratani imerudi, au ni kovu la mionzi. Kwenye picha hii vinafanana. Ikiwa ni saratani tutampasua tena, na sijui kama atahimili."

"Mtatofautishaje?"

"Kwa damu. Uvimbe mkali una njaa, hujivutia mishipa mingi. Kovu halihitaji hivyo. Tutamchoma dawa mkononi, na mashine itaifuata inavyopita na damu kichwani."

Akaomba ruhusa picha hizo zitumike pia kwenye utafiti wa ugonjwa huu. Generoza akacheka. "Wachunguze tu. Kichwa hiki kimenisumbua mimi, angalau kiwafae wengine."

Sasa sikieni kosa langu. Sisi wakimbizi tuliovuka ziwa usiku bila taa tunalijua giza, na tukisali tunaomba mwanga. Basi nje ya chumba cha mashine nikapiga magoti, nikasali kwa Kirundi: "Mana, duhe urumuri." Mungu, tupe mwanga. Niliomba kichwa cha mke wangu kiwake chote!

Daktari akaniita kwenye kompyuta. Ubongo ulikuwa na rangi nyekundu, njano na kijani, lakini pale tulipopahofia palikuwa na doa jeusi tititi. Nikalia.

"Unalia nini, baba?"

"Giza, daktari. Niliomba mwanga, haukufika."

Akaligusa lile doa kwa kidole. "Ungefika, sasa hivi ningekuwa naandaa kisu. Panapowaka ndipo damu inapojaa. Hapa haijai. Inaelekea ni kovu."

Kovu! Kwetu tunaliita inkovu, karibu neno lile lile, na kila mkimbizi analijua. Ni mahali kidonda kilipokwisha. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya giza, mimi mlokole, mbele ya wauguzi.

Daktari hakunificha kwamba mashine nayo si Mungu, lazima warudie. Wamerudia, na doa linazidi kupungua. Generoza yule pale, safu ya pili ya kwaya, ananikonyeza nimalize.

Ndugu yangu, labda na wewe uliomba mwanga ukaonyeshwa doa jeusi. Usikate tamaa kabla hujaelezwa maana yake. Uliza, na umtegemee Bwana. Mimi siku hizi nikipiga magoti namwambia tu: Bwana, rangi chagua wewe.