Pasipoti ya Bwana Harusi

Ukiingia mtaa wa zamani wa Moroni kwa upande wa msikiti wa Ijumaa, ukafuata vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi, utatokea kwenye uwanja mdogo unaoitwa bangwe, wenye mabaraza ya mawe yaliyolainishwa na makalio ya wanaume vizazi kwa vizazi. Wanaume tu. Mwanamke hupita, huitwa, hutumwa, haketi. Nyumba inayotazamana na baraza kubwa ni ya mama yake Saandia, na kwa kuwa kahawa ya kijiwe hicho hutolewa kwenye dirisha la nyumba hiyo, hakuna neno la bangwe lililowahi kumpita msichana huyo. Ulikuwa mwaka 1986, mwaka wa nane tangu mamluki wa Kizungu waipindue serikali, wakaweka nyingine, kisha wakakaa kuilinda kama mtu anavyolinda duka lake. Siku hiyo, baada ya adhuhuri, baraza lilikuwa na shauri moja tu: Toihir, kaka yake Saandia, atie saini ama asitie.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Toihir alikuwa mwalimu Mutsamudu, mji wa Nzwani, kisiwa cha pili, na huko alimchumbia binti aitwaye Rahmati. Ikaja kamatakamata ya mwaka jana, wenzake wakatiwa ndani, yeye akaponea chupuchupu, akakimbilia Ufaransa, akapewa hifadhi ya ukimbizi. Sasa anaishi Marseille na kitabu cha safari cha mkimbizi kilichoandikwa kwamba mwenye nacho aweza kwenda nchi zote isipokuwa Komoro. Juzi mtu mmoja wa ubalozi akapita kwenye vyumba vya Wakomoro kule, mpole, anacheka, anasema zamani ni zamani: lete pasipoti yako iliyokwisha muda, tia saini hapa, upate mpya, urudi kwenu ukaoe. Toihir akapiga simu nyumbani. Akasema, atakaloamua mjomba ndilo atakalofanya. Jibu alitakiwa apewe leo, alasiri, kwa simu ya posta.

— Pasipoti ni shati, alisema Charif. Likichanika unavaa jingine. Mwili ni uleule.

Charif waliyemwita Wizara alikuwa karani wa serikali zama za Wafaransa. Alistaafu zamani, lakini ofisi ilikataa kumtoka mdomoni.

— Shati gani lenye picha yako na muhuri wa polisi? aliuliza Djoumoi.

— Shati la kiserikali.

— Sikiliza, Wizara. Mimi kule Majunga nilikuwa na karatasi za nchi mbili, moja mfuko huu, moja mfuko huu. Walipokuja na mapanga sikusikia hata mmoja akisema, ngoja kwanza tusome.

Djoumoi aliitwa Sabena. Alikuwa mmoja wa Wakomoro waliorudishwa kutoka Madagaska mwaka 1977 baada ya yale mauaji ya Majunga, na wote waliorudishwa walibandikwa jina la shirika la ndege lililowaleta. Aliposema Majunga watu walitazama vikombe vyao.

— Kwa hiyo unasema asitie saini, alisema Wizara.

— Nasema atie. Halafu akimbie sana.

— Akimbilie wapi, na amekwisha kukimbia?

— Hilo mniachie nifikiri.

Katikati ya baraza, mahali ambapo haketi ila aliyekwisha kufanya harusi kubwa na kulisha mji mzima, aliketi Mzee Mouzaoir. Ndugu wa kiume wa mama yake Saandia, mjomba mwenye kauli, bangwe zima likimwita Mtu Mzima. Alikohoa. Wakanyamaza.

— Wazee wa Mutsamudu wametuma neno, alisema. Nyumba ya binti imekwisha kujengwa. Milango imepakwa rangi, vitanda vimetandikwa, anayelala mle ni mende. Msimu huu wa harusi bwana harusi asipoingia, uchumba umevunjika. Aibu itakuwa ya nani?

— Yako, Mtu Mzima, walisema wote wawili, kwa haraka kidogo.

— Yangu. Basi Toihir atie saini, apande ndege, aingie nyumba ya mkewe mbele ya watu, harusi iishe, arudi zake Ufaransa. Nimesema.

Dirishani, buli la kahawa liligonga jiwe hata mfuniko ukaruka.

Saandia alisoma chuo cha Mvouni, kule juu kwenye ukungu, na katika midahalo ya wanafunzi alikuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa na tabia ya kumwacha mpinzani amalize, tena amshukuru, ndipo amchane. Lakini huyu si mpinzani, ni mjomba. Na hapa si ukumbi, ni dirisha. Akavuta ushungi mbele.

— Mjomba, kwa heshima zote. Mtu anakimbilia kwa jirani, anasema, nifungulie, kwetu wataniua. Jirani anamfungulia, anampa chakula na mkeka. Kesho jirani anamwona yuleyule amesimama mlangoni kwao anaomba ufunguo mpya. Jirani atasemaje?

— Atasema kijana amekua.

— Atasema alikuwa mwongo! Atamtolea mkeka nje. Toihir akitia saini leo, hifadhi yake imekwisha leo. Atakuwa amesema kwa mkono wake mwenyewe kwamba haiogopi tena serikali ya kwao.

— Hao Wafaransa watajuaje? alisema Wizara. Mfuko wa kulia kitabu chao, mfuko wa kushoto pasipoti yetu. Akiwa kule anaingiza mkono kulia. Akiwa huku, kushoto.

— Na akikosea mfuko?

— Asikosee.

— Huo ndio mpango wa serikali? alicheka Djoumoi. Maisha ya mtu yategemee suruali?

Saandia alikuwa amefungua kinywa ajibu, gari likasikika. Jipu la walinzi wa Rais lilikuwa linapita taratibu barabara ya chini, na ndani yake Mzungu mmoja wa sare nyeusi, mkono nje, anatazama mabaraza kama mtu anayechagua samaki.

— Lakini jodari mwaka huu ni mdogo sana, alisema Wizara kwa sauti kubwa.

— Mdogo, alisema Djoumoi. Hana nyama.

— Na bei! alisema Mtu Mzima, aliyekuwa hajanunua samaki tangu aoe.

Jipu lilipotea. Mlio wake ulipotea. Jodari aliendelea kuzungumzwa kidogo, kwa usalama.

— Naona shauri mmelinyamazia, wazee wangu, alisema Saandia, na safari hii hakuvuta ushungi. Mko kwenu, kwenye baraza la babu zenu, hamjashtakiwa kwa lolote, yule Mzungu amepita tu barabarani, mkageuka wavuvi. Sasa niambieni. Toihir akishuka uwanja wa ndege na hiyo pasipoti mpya, yenye mwezi na nyota, nzuri kabisa, ni nani atakayeifungua na kuisoma?

Wizara alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama huko. Saandia alihisi ule moto mtamu wa mdahalo ukimpanda kifuani. Laiti ingekuwa Mvouni, wangekuwa wanapiga meza sasa.

— Sawa, mwanangu, alisema Mtu Mzima polepole. Umenishinda. Asije. Na harusi?

Moto ukazimika. Mjomba wake aliliona hilo. Msichana alitetea shingo ya kaka yake kwa ufundi wote, lakini kule Mutsamudu palikuwa na mtu anayengoja, na nyumba inayongoja, na yeye hakuwahi hata mara moja kuwaingiza katika hesabu.

— Nimepata! alisema Djoumoi. Ashukie Mayotte, kisiwa kilichobaki kwa Wafaransa. Avae shiromani kama bibi wa Kinzwani, ajifunike gubigubi mpaka machoni, aingie Mutsamudu jioni, aoe, atoke alfajiri.

— Toihir? Na urefu ule? aliuliza Mtu Mzima. Vile vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, atapishana na watu kwa karibu, na shiromani itaishia magotini.

— Atembee amekunja magoti. Wazee si hutembea hivyo?

— Wewe Sabena, alisema Wizara, jua lilikupiga kichwani Majunga. Tafuta akili ya kisheria. Ndege ya Ufaransa ikitua, ndani yake ni nchi gani?

— Ndani yake ni viti.

— Ni Ufaransa! Basi Toihir asishuke. Akae ndegeni. Tunampeleka binti mpaka chini ya ngazi, ngoma zinapigwa, kadhi anapanda, tunasema mlango wa ndege ndio mlango wa nyumba ya binti. Toihir anasimama mlangoni, anaingia, anatoka, anaingia. Ameingia nyumba ya mkewe! Ndege inaondoka.

Mtu Mzima alifumba macho akaliona jambo hilo lote: joho lake la dhahabu, rubani akipiga makofi.

— Je, watakubali kungoja wakati tunakula? aliuliza.

Saandia aliegemeza paji la uso kwenye kizingiti cha dirisha. Wana ndevu, aliwaza. Wote hawa wana ndevu.

Ndipo teksi iliposimama mwanzo wa kichochoro, akashuka mwanamke amejifunika shiromani nyekundu ya kule kisiwani, mkoba begani, akaja moja kwa moja barazani. Alikuwa mrefu. Djoumoi alipauka.

— Ndiye! alinong'ona. Amekuja! Na wala hakukunja magoti!

Mwanamke akafunua uso. Hakuwa Toihir.

— Assalamu alaikum, wazee wangu. Naitwa Rahmati. Nimefika kwa ndege ya asubuhi kutoka Nzwani. Nasikia harusi yangu inaamuliwa hapa, nikaona nami nije nisikilize.

Waliitikia salamu kwa sauti tatu tofauti. Saandia alitoka mlangoni akampokea mkoba, wakashikana mikono kama watu wanaojuana, ingawa waliwahi kuonana katika picha tu. Mtu Mzima, akirudisha heshima yake vipande vipande, alimweleza mgeni yote: pasipoti, saini, mlinzi wa uwanjani, aibu, na hata ndege, ingawa alipofika kwenye ndege sauti ilipungua. Rahmati alisikiliza mpaka mwisho.

— Nimeelewa, alisema. Nina swali dogo. Kwa nini ni lazima yeye ndiye aje?

— Vipi?

— Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa. Nakwenda Mombasa, nakwenda Réunion. Pasipoti yangu ni nzima, sijamkimbia mtu, hakuna anayenitafuta. Wale Wazungu wa uwanjani hufungua mizigo yangu, hawakuti ila kanga. Mnavunja vichwa namna ya kumleta mtu asiyeweza kuja. Kwa nini nisiende mimi?

Wazee wakawa kama watu waliotafuta ufunguo nyumba nzima, kisha mtoto akauonyesha mlangoni. Na Saandia, mshindi wa midahalo, alisikia uso wake ukipata moto pamoja na wale wenye ndevu. Hata yeye hakuwa amemuuliza Rahmati.

— Mwanangu, alisema Mtu Mzima, na safari hii hakuwa anatania. Mila yetu, kwenu na kwetu, haiko hivyo. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ndiye anayehama, anaingia kwa mkewe. Lini umesikia mwanamke kaacha nyumba yake akamfuata mume? Mama yako atakaaje mbele ya watu?

— Mama ndiye aliyenikatia tiketi. Nyumba yangu ya Mutsamudu ni mawe, Mjomba, haina miguu, na mabinti zangu wataikuta. Nani kasema namfuata mtu? Nikifika Marseille napanga chumba kwa jina langu. Au hicho chake ananiandikia mimi. Ananikabidhi ufunguo, anatoka nje kwenye baridi, anabisha hodi. Nikipenda nitamkaribisha. Je, hapo ameingia nyumba ya mkewe, au hakuingia?

Mtu Mzima alimtazama Wizara. Wizara alimtazama Djoumoi. Djoumoi akamrudishia Mtu Mzima jicho.

— Ameingia, alisema Mtu Mzima hatimaye.

— Na ndoa itafungwa Mutsamudu, kwa wakili, kadhi ameridhia. Wakili wa bwana harusi anatakiwa awe mjomba wake.

Mabega ya mzee yalipanda.

— Mimi? Kwa joho?

— Kwa joho.

— Nitaketi kwenye kiti cha bwana harusi?

— Kwa muda wa kadhi tu, Mjomba. Usije ukazoea.

Djoumoi alipiga kelele ya furaha, akaomba kahawa, akaambiwa na mama yake Saandia dirishani kwamba leo anayenyweshwa ni mgeni. Wizara alikuwa tayari anasimama, anajikung'uta kanzu.

— Ndivyo nilivyokuwa nikisema tangu mwanzo, alisema. Msingi wa wazo langu la ndege ulikuwa huohuo. Ni suala la mlango.

Saandia alifungua kinywa. Alikuwa na majibu manne tayari, moja kali kuliko jingine. Rahmati akamgusa kiwiko.

— Mwachie hilo, dada. Sisi twende posta, wasije wakafunga.

Wakateremka kichochoro wawili, Mtu Mzima nyuma yao akihimiza, mpeni salamu zangu, mwambieni asitie saini, mwambieni mjomba wake kakataa katakata. Posta palikuwa na joto na foleni. Walipoitwa kwenye kibanda waliingia wote wawili wakajibanza, bega kwa bega, mpaka laini ikakoroma na sauti ya Toihir ikatokea mbali, nyembamba, ya mtu ambaye hakulala.

— Mjomba? Niko tayari. Nitie saini?

Saandia alitaka kusema, akaona si zamu yake. Akampa Rahmati simu.

— Usitie, alisema Rahmati. Fagia chumba. Mwenye nyumba anakuja.