Mongi Weslati na Viti Vyekundu vya Safu ya Mbele

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mpwa wake, Dalila, katika arobaini ya marehemu, Nyumba ya Utamaduni ya Ain Gharsa.

Marehemu Mongi Weslati, ambaye leo tunamsomea arobaini yake katika ukumbi aliousimamia karibu nusu ya maisha yake, alizaliwa tarehe 12 Januari 1951 katika kijiji cha Ksar Lhmam, juu ya mji huu. Siku hiyo theluji ilifunga njia, mkunga akafika mtoto ameshavishwa nguo. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Tahar Weslati, mbandua magome ya mialoni wa idara ya misitu, na bibi Hniya. Mtoto wa kwanza alikuwa dada yake Mahbuba, mama yangu mzazi. Babu alizoea kusema kwamba Mungu alimpa watoto wawili, mmoja akampa sauti na mwingine masikio.

Akiwa na umri wa miaka tisa, marehemu alifungua ukumbi wake wa kwanza ndani ya banda la mbuzi. Kiingilio kilikuwa yai moja. Vikaragosi alivichonga mwenyewe kwa magome ya baba yake, dada yake akiimba nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa shuka la nyumbani kwa omda, mkuu wa kijiji. Siku ya kwanza watoto wakajaa, lakini mtoto wa omda akachelewa, na Mongi akakataa kuanza. Mahbuba akamchungulia pembeni mwa shuka.

"Mongi, si tuanze? Watu wamekalia mavi ya mbuzi!"

"Shuka ni la kwao," akajibu.

Wakasubiri. Mayai yakaanza kupasukia mifukoni. Hadithi hii aliisimulia kwenye kila harusi ya ukoo wetu na akacheka mpaka machozi yakamtoka, hadi mwaka 1994. Baada ya hapo hatukumsikia akiisimulia tena.

Alisoma shule ya msingi hapa Ain Gharsa kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, akishuka mlima kwa miguu asubuhi na kuupanda jioni. Akaendelea na sekondari ya bweni huko Beja, ambako hesabu zilimpiga chenga lakini hakuna sherehe ya shule iliyofanyika bila yeye kupanga viti. Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha walezi wa vijana karibu na Tunis. Huko aliigiza jukwaani mara moja tu, nafasi ya bawabu, akasahau maneno mawili aliyopewa. Akasema kuanzia siku hiyo yeye ni mtu wa kuwafungulia wengine mlango.

Tarehe 1 Oktoba 1977 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Nyumba hii ya Utamaduni. Alikuta ukumbi usio na taa za jukwaa, na viti vya kuazima kwenye mikahawa, ambavyo wenyewe walikuja kuvidai katikati ya onyesho. Mwaka 1981 alianzisha Tamasha la Machipuko, linalofanyika kila Aprili katika ua wa ngome. Wengi wenu mliona vipaza sauti na kanzu za kupendeza. Yeye aliona korido za wizarani, ambako alikaa siku nzima akisubiri ruzuku, na kurudi na ahadi. Alijua kubembeleza, alijua kunyamaza, na alijua sheria moja ambayo haikuandikwa mahali popote: onyesho haliwezi kuanza kabla ya mkuu wa mkoa kuketi. Kwa ajili yake na wageni wake vililetwa viti vyekundu vya halmashauri, vyenye mikono na mito. Vilikuja kwa lori la takataka lililooshwa vizuri. Wananchi tulikalia plastiki.

Tarehe 16 Agosti 1980 marehemu alifunga ndoa na mwalimu Fadhila Bin Yunis wa Beja. Mama yangu aliimba siku tatu mfululizo, Ami Larusi, mpiga filimbi wetu, akimpulizia filimbi yake ndefu ya mwanzi, na bibi harusi hadi leo husema kwamba hakuolewa na Mongi, aliolewa na sauti ya wifi yake. Walijaliwa watoto wawili, Anis na Rim. Anis anamkumbuka baba aliyepima kila sebule aliyoingia kwa idadi ya viti itakayobeba.

Sasa nifike pale ambapo wenye adabu huruka. Mjomba hakupenda parukwe, na mimi sina haki ya kuparuka.

Kwa miaka kumi na mitatu tamasha lilileta waimbaji wa Tunis, na dada wa mkurugenzi aliendelea kuimba kwenye harusi. Mjomba aliona aibu watu waseme anampendelea. Hatimaye mwaka 1994, baada ya wanawake wa Ksar Lhmam kumsuta hadharani sokoni, alimweka Mahbuba afungue tamasha, Jumamosi tarehe 23 Aprili, saa tisa alasiri. Saa hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya wanawake hao. Walikuwa wametoa nauli ya pikapu wenyewe, wamekuja na watoto wao na mikate ya tanuri kwenye vikapu, na iliwabidi warudi kabla ya jua kuzama kukamua ng'ombe. Mama alivaa melia nyekundu, vazi la kujitanda aliloolewa nalo, akalibana kwa bizimu za fedha za bibi Hniya. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakuwahi kupanda jukwaa la serikali, na alikuwa ameniambia kwamba akiwaona wenzake wa kisimani wamekaa mbele yake, hatatetemeka.

Saa tisa ikafika, viti vyekundu vitupu. Ofisi ya wilaya ikapiga simu: "Yuko njiani." Mjomba akapitisha maji ya maua ya michungwa. Ikapigwa tena: "Yuko njiani." Ami Larusi, ambaye filimbi yake hukauka isipomwagiwa maji, akapaza sauti kutoka jukwaani.

"Mongi, filimbi imeshanyweshwa mara tatu. Ukichelewa zaidi itaota majani!"

Watu wakacheka. Baada ya hapo hawakucheka tena. Mwanamke mmoja alisimama, mtoto mgongoni, akamwambia mjomba mbele ya wote, "Mongi mwana wa Hniya, ng'ombe hawamjui mkuu wa mkoa!"

Mama alishuka jukwaani, akamshika mkono wa koti.

"Mdogo wangu, hawa wakiondoka nitamwimbia nani?"

"Dakika kumi tu, Mahbuba. Nakuomba."

Lazima niseme kwa haki kwamba hakuwa mwoga wa bure. Mji wa jirani ulianza tamasha lake bila mkuu wa mkoa, na mwaka uliofuata ruzuku haikuja, wala mwaka wa pili. Jukwaa lao likawa pa kuanikia pilipili. Ombi letu la viti na taa lilikuwa mezani kwa bwana yule yule, likingoja saini. Mjomba alipima dada kwa upande mmoja na ukumbi kwa upande wa pili.

Pikapu ziliondoka moja moja. Wanawake waliaga kwa macho. Mkuu wa mkoa alifika jua likiwa mgongoni mwa mlima, viti vyekundu vikajaa suti, na mama akaimba wimbo mmoja, akitazama juu ya vichwa vyao, kule barabarani. Mheshimiwa akapiga makofi, akapigwa picha, akaondoka. Mwezi uliofuata saini ikaja. Viti hivi mnavyokalia, vya kitambaa cha kijani, na taa hizi zinazonimulika, vilinunuliwa kwa jioni ile.

Mama hakugombana naye. Ingekuwa nafuu kama wangegombana. Aliikunja melia, akaiweka sandukuni, na akaacha kuimba mbele ya watu, hata harusini. Kila Ijumaa mjomba alipanda kijijini na mfuko wa machungwa, naye alimwandalia chai na bsisa ya unga wa nafaka na mafuta, wakazungumza habari za mvua. Mara moja tu, nikiwapo, alimwambia, "Mahbuba, imba basi, hata jikoni." Mama akajibu bila kugeuka, "Jikoni naimba kila siku. Wewe ndiye hufiki mapema." Mjomba alicheka kidogo, kisha akatoka nje na kukaa muda mrefu karibu na banda la mbuzi.

Alituambia wazi, Fadhila na mimi, kwamba jambo lile lilimnyima usingizi. "Nilimfanya dada yangu aviimbie viti," alisema. Januari 2011, siku za mapinduzi na wiki zake za mwisho kazini, vijana walikuja hapa wakitaka kuchoma kila kilichokuwa cha serikali. Aliwasimamisha mlangoni. "Vyekundu chukueni, wanangu, hata kiberiti nitawapa. Vya kijani msiguse, vina mtu aliyevilipia." Walidhani anasema walipa kodi. Walichoma viwili, mvua ikazima. Sita vilivyobaki ndivyo hivi vya mbele. Tangu alipostaafu, tarehe 31 mwezi huo, hakuwahi kukaa popote hapa ila safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2019. Alitibiwa hapa, kisha Tunis, na kila daktari aliyemwambia apumzike, yeye alimuuliza kama hospitali ina ukumbi. Mwezi Agosti mwaka huu alilazwa tena Tunis, na mimi, niliyerithi ofisi yake, nikakaa naye. Aliniomba jambo moja. "Dalila, arobaini yangu ifanyeni ukumbini, na ianze saa iliyoandikwa. Atakayechelewa atukute tumeanza." Nikacheka, nikaahidi. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Septemba 2022, alfajiri, akazikwa Ksar Lhmam siku hiyo hiyo, karibu na wazazi wake.

Wiki iliyopita mama alifungua sanduku. Aliniambia, "Ianze kwa wakati, wenzangu wawepo, nitamwimbia wimbo mmoja." Ndiyo maana kwenye ratiba, baada ya wasifu, mmesoma neno "Wimbo" bila jina la mtu. Tulitaka liwe zawadi.

Ninayosema sasa hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Karatasi zinasema saa tisa. Nyote mnajua ni saa ngapi. Paa la ukumbi huu linavuja juu ya jukwaa, mmeona ndoo pale pembeni, na ombi la kuliezeka upya liko mezani kwa mkuu wa mkoa. Saa nne asubuhi ofisi yake ilinipigia kusema atakuja kutoa rambirambi. Saa tisa ilipofika wakapiga tena, na mniamini, walitumia maneno yale yale: "Yuko njiani." Nikamwambia Anis tungoje kidogo. Ndugu zangu, sikulazimishwa na mtu. Wakati ule watu walikuwa na sababu ya kuogopa, mimi nilikuwa na paa tu. Nilisubiri mpaka wanawake wa Ksar Lhmam wakaanza kuinuka, kwa sababu mvua inakuja na pikapu hazingoji, na niliwaona wakipita mlangoni, mmoja baada ya mwingine, wakiniaga kwa macho. Kisha simu ya tatu ikasema Mheshimiwa amepata udhuru.

Mama hakunikemea. Aliniita pembeni, akaniambia polepole, "Mwanangu, umerithi kiti cha mjomba wako. Usingizi wake pia utaurithi."

Naona aibu kusoma wasifu wa mtu huyu. Nilimhukumu tangu nikiwa na miaka kumi na moja, nimekaa juu ya ukuta wa ngome na watoto wenzangu, nikiapa kwamba mimi nisingesubiri.

Marehemu ameacha mjane, Fadhila, watoto wawili, Anis na Rim, wajukuu watatu, mpwa mmoja, ambaye ni mimi, na dada mmoja, Mahbuba, aliyeketi safu ya pili, amevaa melia nyekundu, kwa sababu safu ya kwanza tulimwekea mtu mwingine.

Mama, viti vya mbele vi wazi, njoo ukae. Ratiba inasema sasa ni wimbo. Sikuombi uimbe, nimepoteza haki ya kukuomba. Ukiimba, tuko hapa tuliobaki. Usipoimba, tutakaa kimya kwa muda ambao wimbo ungechukua, kisha tutamsomea Fatiha na kwenda nyumbani.

Mjomba Mongi, tumeanza. Mungu akurehemu na akupe usingizi ulioukosa, na sisi tuliochelewa atusamehe.