Dadi Bwanausi, Fundi wa Vipaza Sauti Asiyekaa Kitako

Ndugu wafiwa, majirani wa Dunda na jamaa mliotoka Mapinga na Miono, assalaam alaykum. Mimi ni Mbaruku, kaka wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mtu ambaye hakukubali kukaa kitako hata akiwa mgeni wa watu.

Marehemu Dadi Bwanausi Mwinyijuma alizaliwa hapa Dunda tarehe 14 Machi 1924, mtoto wa pili wa mzee wetu Bwanausi na mama yetu Somoe, akasoma chuo cha Kurani, akaingia shule ya serikali mwaka 1932, na mwaka 1942 akachukuliwa jeshini, alikofundishwa simu za upepo, zile zisizo na waya, akarudi 1946 na mkoba wa koleo na masikio yasiyostahimili mkoromo wa mashine yoyote.

Mwaka 1947 alifungua karakana ya redio na vipaza sauti vya vali, zile taa za kioo ziwakazo ndani, na desturi yake ilikuwa kuweka mkono wa kushoto mgongoni, umeme usije ukampita kifuani, huku wa kulia ukigonga vali moja moja kwa mpini wa mwiko, na iliyokwaruza ndiyo aliyoing'oa.

Tarehe 11 Desemba 1951, kwenye maulidi ya mtaani, mashine ya kipaza sauti iliyowekwa upande wa kina mama ilipiga ukelele ikanyamaza, Dadi akabadili vali, akakagua nyaya, akagombana na mwenye jenereta, nami nikamwambia awaache watu wasome kwa koo zao, lakini hakunisikia, hadi alipoinamisha pua akakuta mashine inanukia waridi, kwani binti mmoja, Mwanamvua, akiwanyunyizia wageni marashi, aliona si adabu kuinyima mashine inayomsalia Mtume. Walifunga ndoa tarehe 3 Agosti 1952, wakajaaliwa Ashura mwaka 1953 na Kombo mwaka 1956.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 1957, daktari akamwamuru alale, Mwanamvua akaficha mwiko, mimi nikaficha viatu, yeye akadandia lori peku hadi Mapinga kutengeneza kipaza sauti cha harusi, nikamfokea mbele ya wanawe kwamba anajiua, akanijibu kuwa kitanda kinamuuma kuliko moyo. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1958, ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu iko chini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu wakijua hatawasikia, majirani mliochimba kaburi na kutupikia, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo kwa heshima yake.

Dadi, mwaka na nusu nimekuamrisha upumzike, leo umenitii, nami sina raha hata kidogo. Pumzika, mdogo wangu, Mola akupe amani, lakini ungeinuka sasa hivi ukaenda zako, wallahi nisingekuuliza unakokwenda.