Kilio ya Mama, Mara ya Pili

Bapapa na bamama ya avenue yetu, muniachilie niseme nikiwa nimesimama. Nikikaa nitaanza kutafuta maneno ya kupendeza, na maneno ya kupendeza njo yaliniharibu. Hamutasikia jina ya muntu hapa. Kwa mambo yenye nitasema, muchafu wa kwanza ni mimi.

Munanijua. Nilicheza mupira miaka kumi na moja, mushambuliaji. Sitabadanganya, sikukuwa mukali sana. Kipaji yangu ilikuwa moja tu: kuanguka. Beki akinipita karibu mbele ya goli, mimi chini, nashika muguu, nabingirika, nalia. Kisha nafungula jicho moja kidogo, nione kama mwamuzi amepiga filimbi. Uwanja nzima inaruka. Mama yangu, mwenye alikuwa anauzisha sombe, majani ya muhogo, ku soko, alikuwa ananiangalia ku televizioni. Siku moja nikaingia nyumbani, akasema tu: "Mwanangu, ule muntu hakukugusa." Nikamuambia: "Mama, penalti ni penalti," nikacheka. Yeye hakucheka. Leo nikikumbuka ile cheko yangu, nasikia kinyaa.

Kisha goti ikakufa, ya kweli sasa, bila filimbi. Nilikaa nyumbani mwaka moja. Televizioni moja ya hapa ikaniita nikuje kueleza mupira, mimi na mwenzangu moja. Siku ya kwanza, kabla kamera haijawaka, bakaniambia: mwenzako akisema nyeupe, wewe sema nyeusi, na ukasirike. Kamera ikiwaka tunatukanana. Ikizimika, ananiuliza habari ya bibi yangu. Ku uwanja nilijifunza kudanganya na mwili, pale nikajifunza kudanganya na mudomo. Na nilipenda! Musiseme niliteswa.

Halafu bakanitia mu filme, ya kila juma. Nilikuwa mucheza-mupira wa zamani, mulevi, mwenye kuanguka kila pahali: mu mutaro, mu ndoa ya bantu, mu sufuria ya bukari, ugali yetu. Bantu balikufa na kicheko. Hata ku mupaka, ku Kasumbalesa, mu foleni ya makamyo, bashofere balikuwa banapiga honi, banaita jina yangu ya filme. Jina yangu ya kweli, mama tu njo alikuwa anaiita.

Mama akakufa asubuhi, siku ya kazi. Saa sita haijafika, réalisateur, ule bwana mwenye kuongoza filme, akapiga simu. "Pole sana, grand, mukubwa wangu. Pole kabisa." Akapumua. "Sasa, ile episode yenye mulevi wetu anafiwa na mama yake... tulikuwa tunaipanga mwezi yenye kuja. Lakini kilio ya kweli iko pale. Bantu iko, mikeka iko. Tukuje na kamera?"

Musiniulize kama alinilazimisha. Nilisema ndiyo. Nilikuwa naogopa bataniua mu filme, baweke mwingine. Mama yangu hajaingia mu sanduku, na mimi nawaza nafasi yangu. Temeni mate kama munataka. Mimi mwenyewe nimetema mingi.

Munajua desturi yetu. Bapapa banakaa inje, ku moto. Bamama banakaa mu nyumba, ku mikeka. Mutoto wa marehemu akiingia na kulia, bamama bote banamuitika, juu sauti yake isibaki peke yake. Haipangwi, haiagizwi. Unalia, banakuitika.

Niliingia. Nikaona kitambaa ya mama ku musumari, ile yenye alikuwa anafunga ku kichwa akienda soko, na sauti ikatoka yenyewe: "Mama, umeniachia nani?" Nikaanguka. Bamama bakaniitika, nyumba nzima ikalia. Mama mudogo, ndugu ya mama yangu, akashika kichwa yangu akaiweka ku magoti yake. Ile ilikuwa ya kweli. Nabaapia.

Kisha mukono ikanigusa ku bega. Ni ule wa kamera. Akainama ku sikio yangu: "Grand, jenereta ya jirani iliharibu sauti. Rudia kidogo. Tokea ku mulango."

Na nikasimama! Nikatosha kichwa ku magoti ya mama mudogo, nikatoka inje. Bakanipaka dawa ya mafua chini ya macho, ile yenye kuwasha, juu machozi ikuje. Nikangoja réalisateur anipe alama na kidole. Nikaingia. "Mama, umeniachia nani?" Sauti ileile. Nikaanguka pahali palepale.

Hakuna mwenye aliitika.

Bamama benye mulikuwa pale, muko hapa leo, munajua sisemi uongo. Mulinyamaza. Nilisikia mutoto ananyonya. Na mimi, uso ku mukeka, nikafungula jicho moja kidogo, nione, vile nilizoea. Mama mudogo alikuwa ananiangalia. Akasema polepole: "Simama. Mukeka iko ya bantu benye banalia."

Filme ikapita ku televizioni. Juu hakuna mwenye aliitika, baliita banamuke fulani balie mu studio, bakabandika sauti yao juu ya mama yangu. Ku soko, ku meza ileile ya mama, mwanamuke moja akanishika mukono: "Papa, ulilia muzuri! Ulitufurahisha!" Nikaenda nyuma ya soko nikatapika. Sikurudi ku studio, hata kuchukua viatu yangu.

Sasa naendesha bisi ya bafanyakazi ya mugodi, ku njia ya Kinsevere. Kazi haikuniponyesha. Kila kilio ya avenue yetu nilikuwa naenda: nabeba maji, nabeba biti ya kukalia, nafunga turubai. Hakuna mwenye aliniita, hakuna mwenye alinifukuza, juu mwenye kuleta maji mu kilio hafukuzwi. Mu nyumba sikuingia. Kulia sikulia. Hata peke yangu mu bisi, nikitaka kumulilia mama, nilikuwa najisikiliza kama inatoka muzuri. Inachukiza, bandugu. Ni kama kula matapishi yako na kuuliza kama chumvi imetosha.

Mwaka yenye ilipita, bwana ya mama mudogo akakufa. Ule baba njo alinipa viatu ya kwanza ya mupira. Nilikuwa napita ku mulango na biti ine mu mikono, nikamuona mama mudogo ku mukeka, amekonda, kichwa bila kitambaa. Sauti ikanitoka. Haikukuwa muzuri, ilikuwa kama kikohozi. Nikafunga mudomo kwa haya. Nikangoja ile kimya.

Mama mudogo akaitika. Yeye, mwenye kufiwa, njo alianza. Kisha ninyi bote. Biti bikaanguka chini. Mimi nilibaki nimesimama, nikalia mpaka nikachoka.

Nabashukuru juu ya siku ile. Lakini zaidi nabashukuru juu ya siku yenye mulinyamaza. Mungeniitika kwa huruma, mpaka leo ningekuwa nalia ku televizioni. Kama kuna mwenye bataita kesho, mupira ao filme, aende, kazi haiko zambi. Ila siku batamuomba arudie chozi yake, abaki ku magoti ya mwenye kumushika. Kutoka ku ile mukeka mpaka ku mulango ni hatua ine tu. Nilizihesabu. Kurudi, ilinichukua miaka mbili.