Mwalimu Upepo na Ukurasa Uliobaki

Mchungaji, ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wake wa pekee, niwasomee safari ya dada yetu hapa duniani, nami naomba mnivumilie, maana nasoma kama ninavyotembea, taratibu.

Dada alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na mama alizoea kusema kwamba huyu hakutambaa, alisimama akakimbia. Mimi nilimfuata mwaka 1961, na nilipotimiza miaka miwili nikaugua polio, mguu wa kushoto ukanyauka.

Alianza shule Januari 1966, na mimi nilipoanza mwaka 1968 alinibeba mgongoni kila asubuhi kwa miaka mitatu, mkoba kifuani na mimi nyuma, akiwapita wenzake njiani, nao wakimtania, "Upepo, leo umebeba gunia la nini?" naye akiwajibu bila kugeuka, "La akili, nyinyi hamna hata la kuazima." Jina la Upepo likamganda, na mimi akaniita Kobe.

Alisomea ualimu kuanzia mwaka 1977 hadi 1979, na Jumatatu tarehe 7 Januari 1980 akaanza kufundisha darasa la awali katika shule iliyo jirani na kituo cha zimamoto, alikokaa hadi alipostaafu mwaka 2018, ingawa neno kukaa halimfai, kwani kiti chake cha darasani kilistaafu kikiwa kipya. Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mpole aliyemwambia haraka haraka haina baraka, naye akamjibu kuwa baraka zikichelewa atazifuata mwenyewe. Shemeji alitutangulia mwaka 2009. Mungu aliwajalia mabinti wawili, wa mwaka 1984, ambaye ni muuguzi, na wa mwaka 1987, ambaye ni dereva wa lori, na wajukuu watatu.

Mwaka 1986 aliletewa darasani msichana mwenye vyuma miguuni, wenzake wakamkimbia wakidhani vyuma vinaambukiza, basi dada akakata maboksi ya sabuni, akachora kwa rangi za nta, akashona kwa uzi wa baba, kikawa kitabu chake cha kwanza cha picha, cha mtoto mwenye mguu mbovu anayekwenda shule mgongoni mwa dada yake, akitabasamu kila ukurasa. Watoto walikipenda, wakaanza kugombania kukaa karibu na yule msichana, lakini yeye mwenyewe alikitazama mpaka mwisho akauliza, "Mwalimu, mbona huyu hakasiriki?" Dada alinisimulia swali hilo huku akizunguka meza yangu, na tangu siku hiyo hakutulia tena, akafuta midomo yote yenye tabasamu katika kitabu kizima, akachora mtoto anayenuna, anayenyang'anya mpira, anayepewa adhabu kama wengine, hata mzazi mmoja akaja kulalamika kwamba anawadhalilisha walemavu, naye akamwambia, "Mama, malaika hawahitaji shule, huyu ni mtoto."

Alitengeneza vitabu kumi na tisa, vya watoto wasioona, wasiosikia, wanaochelewa kusema, na kila alipomaliza kimoja alirudi kwenye kile cha kwanza, akisema kuna kitu hakijakaa sawa. Mimi nilikijua kitu hicho, ndugu zangu, na sikumwambia miaka yote hiyo, kwa sababu mtu akikubeba miaka mitatu, unaona haya kumwambia kwamba ulitaka kushuka.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2023, daktari akamwamuru alale, naye akakubali kwa sharti la kuwekewa rangi zake kitandani. Jumanne tarehe 5 Machi 2024 alinipigia simu kutoka hospitalini, akisema anachora upya kitabu kile, umebaki ukurasa mmoja, na ana swali, nikamwambia, "Nitakuja Jumamosi, dada, mwendo wangu unaujua," akacheka, akasema, "Basi jitahidi, Kobe." Ijumaa tarehe 8, saa nne asubuhi, Mungu alimwita, naye, kama kawaida yake, hakungoja.

Binti yake muuguzi alinikabidhi kitabu. Ukurasa wa mwisho una barabara na lango la shule tu, na chini ameandika kwa penseli, "Abebwe, au asubiriwe? Nimuulize mdogo wangu." Tangu Ijumaa, mimi niliyezoea kukaa, situlii, nazunguka nyumba na magongo yangu mpaka wapwa wangu wanasema upepo umenihamia. Jibu ninalo, dada, na nalitoa mbele ya watu hawa, asubiriwe. Namshukuru Mungu kwa mgongo wako, lakini mtoto yule alitaka kufika kwa miguu yake, hata kengele iwe imeshalia, akukute umesimama langoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mlioleta viti, maji na mabega yenu, walimu wenzake, ambao mmeahidi kwamba darasa lake litauchora ukurasa uliobaki, na yule msichana wa vyuma, leo mama wa watoto wanne, aliyekaa hapa mbele, tunamshukuru kwa swali lake.

Dada, umetangulia kama ulivyozoea, nasi tunakuja nyuma, kila mmoja kwa mwendo wake. Safari hii usirudi kunibeba, simama tu langoni kwa Bwana. Pumzika kwa amani, Upepo, unisubiri.